Kisanduku cha Kusikilia cha Yaya

Nianze kwa kosa langu, kwa kuwa ndilo ninaloweza kulithibitisha. Nilikwangua kwa wembe kibao cha umeme kilichokuwa ndani ya kifaa cha kusikilia cha kaka yangu mkubwa. Nilikikwangua mezani kwangu, mchana kweupe, miwani ikiwa machoni na mkono umetulia, nikiamini kwamba ninasafisha. Nilipomaliza, kibao kilikuwa safi kweli. Hakikuwa na doa la kijani hata moja. Hakikuwa pia na njia za kupitishia umeme, kwa maana nilikuwa nimeziondoa pamoja na kutu.

Kaka yangu huyo nilimwita Yaya, kama sisi watu wa Lubumbashi tunavyomwita kila aliyetutangulia katika tumbo la mama. Maisha yake yote ya kazi alikuwa fundi wa breki katika karakana ya reli, na nyundo za karakana ndizo zilizomla masikio. Baada ya kustaafu, binti yake anayeishi ng'ambo alimletea kifaa. Hakikuwa kile kidogo kinachofichwa nyuma ya sikio, bali kisanduku kilichozidi kiberiti kidogo kwa ukubwa, cha kuwekwa katika mfuko wa shati, chenye betri moja na waya unaopanda hadi sikioni. Kilikuwa na tabia ya kupiga mluzi. Kidude cha sikioni kilipolegea, kisanduku kililia mluzi mwembamba, na nyumba nzima ikajua kwamba Yaya anakuja kabla hajaonekana. Mke wake, shemeji yangu, alikuwa akisema, "Treni inaingia." Wajukuu waliokuwa wakichezea bomba la maji walitawanyika.

Mimi mwenyewe nilitumikia serikali miaka thelathini na minne katika ofisi ya kuandikisha vizazi, ndoa na vifo. Sitaeleza hapa hali niliyoiacha ofisi hiyo wala jinsi ninavyoiona leo ninapopita mbele yake. Mvua inaingia chumba cha madaftari, na hakuna anayeona aibu. Nitaeleza jambo moja tu, kwa sababu linahusika. Sheria ya daftari la raia inakataza kukwangua. Jina likiandikwa vibaya, halifutwi: linaachwa lilivyo, na sahihisho linaandikwa pembeni, likatiwa sahihi na mhuri. Hivyo ndivyo nilivyowafundisha makarani wote waliopita chini yangu. Hata hivyo, katika droo yangu, ndani ya karatasi iliyokunjwa mara nne, kulikuwa na nusu ya wembe. Kila karani wa umri wangu alikuwa nayo. Nilijua kuiinua ngozi ya karatasi pamoja na wino, kisha kulainisha mahali pale kwa ukucha, hata mkaguzi akapitisha kidole asihisi kitu. Nilijivunia ustadi huo kwa siri. Nimeuandika leo kwa mara ya kwanza.

Sasa ugomvi wetu. Mama yetu alipofariki, miaka kumi na tisa iliyopita, mimi nilikuwa nimetumwa kikazi Kasenga, masika, barabara ikiwa imekatika mahali pawili. Habari ilinifikia kwa fonia, yaani kile chombo cha redio cha kuitana kutoka kituo hadi kituo. Nilijibu kwa fonia hiyohiyo kwamba ninatoka sasa hivi, wasimzike kabla sijafika. Mwendeshaji wa Lubumbashi alithibitisha kwamba ujumbe umefikishwa mkononi mwa Yaya mwenyewe. Niliposhuka kwenye lori siku ya pili yake, nikiwa na matope hadi magotini, mama alikuwa ameshazikwa tangu jana yake. Nilionyeshwa kilima cha udongo. Nilimuuliza Yaya mbele ya watu, naye akajibu neno moja, "Ilibidi," akaingia ndani.

Tangu siku ile nilikuwa ndugu wa desturi. Nilifika kwenye ubatizo, harusi na sikukuu, nikiwa nimevaa koti. Nilisalimia kwa mpangilio wa umri. Niliketi nilipoonyeshwa. Kwa miaka kumi na tisa sikumaliza sahani ya bukari, ugali wetu, katika nyumba ya kaka yangu, na nilihakikisha kwamba anaona ninapoisogeza.

Kisha figo zake zikaanza kushindwa. Hospitali ilimrudisha nyumbani kwake Katuba kwa maneno ya adabu ambayo sisi sote tunayaelewa. Katika familia yetu, watoto wa tumbo moja hawaachi ugomvi umfuate mmoja wao kaburini. Mdogo anasema shauri lake kwa sauti, hadi mwisho, bila kukatizwa. Mkubwa anasikiliza, kisha anajibu. Kama majibu yamepokewa, mkubwa anachukua maji kinywani, anampulizia mdogo kifuani, na neno limekwisha. Baada ya maji halirudiwi tena.

Nilijiandaa kama nilivyozoea kujiandaa. Niliandika karatasi mbili, pande zote, hoja tisa zenye namba. Nilizipeleka Katuba, nikamwekea Yaya mapajani. Alikuwa ameketi kitandani, ameegemezwa na mito, miguu imevimba kama ya mtu mwingine. Alizitazama bila kuzigusa.

"Ni nini?"

Nilimwonyesha kwa kidole: soma.

"Mambo ya Mama haiandikwe," akasema. "Toa ile. Sema na kinywa, mi nisikie."

Niliinama sikioni mwake nikaanza hoja ya kwanza kwa sauti kubwa. Hakusikia. Nikaongeza sauti, nikafikia ile tunayoitumia kumwita dereva aliyepitiliza kituo. Yaya alininyooshea kiganja.

"Usipige kelele. Bavoisins batasikia mbele yangu."

Alikuwa sahihi: majirani wangesikia kabla yake. Uzio wa Katuba ni wa matofali mabichi, na upande wa pili kulikuwa na mama aliyeacha kutwanga. Kwa Yaya, tangu kisanduku kilipozimika miezi kadhaa nyuma, watu walikuwa wamebaki na maneno mafupi tu ya kupigia kelele: kula, amka, dawa. Shauri la miaka kumi na tisa haliwezi kupigiwa kelele.

Ndipo shemeji alipoleta kopo la biskuti. Kisanduku kilikuwa humo, kimefungwa katika kitambaa kisafi. Kiliponyamaza, walikihifadhi vizuri sana, betri ikiwa ndani. Nilifungua kifuniko. Betri ilikuwa imevuja, na chumvi yake imeota juu ya kibao kama ukungu wa kijani na mweupe.

"Nipe siku mbili," nilimwambia shemeji. "Nitakirudisha kizima."

Hapo ndipo wembe unapoingia. Nilitazama lile doa la kijani juu ya mistari myembamba, na mkono wangu ukakumbuka kazi yake. Sikufikiria shaba. Nilifikiria wino. Niliinua kijani kwa ncha, nikapuliza, nikalainisha kwa ukucha. Kipande kimoja cha duara, kidogo kuliko punje ya mtama, pale ambapo mguu wa chuma cha betri ulikuwa umeshikishwa, kiling'oka na kunirukia kwenye mkono wa shati. Nilikichukua kwa ncha ya kidole, nikakiangalia, nikakiweka ndani ya bahasha. Niliandika juu ya bahasha: *kipande kimoja*.

Niliweka betri mpya. Hakuna mluzi.

Siku ya pili ilipita, na ya tatu, na ya nne. Sikwenda Katuba. Shemeji alinipigia simu asubuhi ya siku ya tano, akiniita mulamu, yaani shemeji, kama kawaida yetu.

"Mulamu, kile kintu inafika wapi? Yaya anauliza kila asubui."

"Iko kwa fundi," nilisema.

"Fundi gani wa siku tano? Anatengeneza ndege?"

"Ni kazi ndogondogo, mulamu. Inataka uvumilivu."

Kilikuwa juu ya meza yangu, mbele yangu, nilipokuwa nikisema hivyo. Miaka thelathini na minne nilitia sahihi chini ya maneno yanayothibitisha kwamba yaliyoandikwa juu ni kweli.

Mchana wa siku hiyohiyo nilitafuta fundi. Vijana wawili wa simu walikiangalia na kunirudishia bila kukigusa. Wa pili alinielekeza kwa mama mmoja, kwenye barabara ya Kipushi, mwenye kibanda cha bati kati ya muuza makaa na kanisa dogo. Nilimkuta. Alikuwa mwanamke wa umri wangu hivi, kitambaa cha maombolezo kimefifia kichwani, na jicho moja limefungwa kwa lenzi ya kukuzia iliyoshikiliwa na mpira. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa amefanya kazi katika karakana ya vipimo, mgodini Kipushi, hadi karakana ilipofungwa, na kwamba mume wake alikuwa amefia hukohuko. Aliweka kibao chini ya taa, akakigeuza mara mbili.

"Nani alikamata uyu mugonjwa mbele ya kumuleta kwangu?"

"Ni mimi, Mama."

"Na nini?"

"Na wembe."

Aliinua lenzi ili anione kwa macho yote mawili. "Aba! Papa, uko kinyozi?"

"Hapana. Nilikuwa mutumishi wa état civil, kule kwa madaftari."

"Njo vile!" Alicheka hadi muuza makaa akageuka. "Ni ninyi! Ni ninyi benye kukwangula majina. Acte ya ndoa yangu iko na mutoboro penye jina ya baba yangu. Ukiweka ku jua, unaona mutu upande ingine."

Nilitaka kuuliza ni ofisi ipi iliyotoa cheti hicho, na mwaka gani. Sikuuliza. Nilitoa bahasha yangu na kumkabidhi kile kipande cha duara. Alisoma maandishi ya juu, akatikisa kichwa taratibu, akaiweka kando.

Niliomba hati ya kupokea kifaa, ikieleza hali yake wakati wa kukabidhiwa.

"Décharge?" Alisukuma kigoda kwa mguu. "Papa, keti. Décharge ni wewe. Kintu ya masikio ya muntu siibakishe hapa. Utaangalia mpaka mwisho."

Niliketi. Niliketi tangu saa saba hadi karibu saa kumi, na nitaandika nilichokiona, kwa kuwa sijawahi kuona kazi iliyofanywa kwa unyoofu zaidi katika mji huu ambao kila mtu anajiita fundi.

Kwanza alidondoshea siki, tone moja baada ya jingine, mahali ambapo chumvi ya betri ilikuwa imejificha chini ya rangi ya kibao. Ilitoa povu dogo. Akasugua kwa mswaki mkuukuu, akaosha kwa spiriti, akasubiri ikauke. Kisha akanivalisha lenzi yake ili nione. Nikaona. Mistari ile ambayo kwa macho yangu ilikuwa kama nywele, chini ya lenzi ilikuwa barabara pana za shaba zilizofunikwa kwa rangi ya kijani kibichi, ile rangi halali, si kutu. Mbili kati yake zilifika mahali zikakatika ghafla. Baada ya pengo palikuwa na ubao mtupu wenye mikwaruzo sambamba, yote ikielekea upande mmoja. Niliitambua. Ni mwandiko wangu.

"Hizi ni mapiste," akasema. "Courant ya umeme inatembea humu. Na ile kidogo ya muviringo ni pastille, njo penye kintu inasimama. Ulitoa mapiste mbili na pastille moya. Kutu ilikuwa inakula polepole. Wewe ulikula mara moya."

Hakukwangua palipoharibika. Alirudi nyuma ya pengo, mahali ambapo njia ilikuwa bado nzima, akafunua rangi kwa ncha ya sindano kiasi cha chembe ya mchanga, hadi shaba ikang'aa kama jino la dhahabu. Akafanya vivyo hivyo upande wa pili. Akapaka ulimbo wa kulehemea. Kutoka katika koili ya redio iliyokufa alichomoa uzi wa shaba mwembamba kuliko nywele ya mjukuu wangu, akaukata kwa kipimo cha jicho, akaulaza si juu ya pengo bali pembeni yake, ukipinda kuzunguka jeraha. Chuma cha kulehemu kiligusa na kuondoka. Nilihesabu: hakikukaa zaidi ya muda wa kutamka jina la mtu.

Nilimuuliza kwa nini anazunguka.

"Pa kukwanguliwa hapana kitu ya kushika tena. Unaiacha vile iko. Unapita pembeni."

Sikumwambia kwamba hilo ndilo lililoandikwa katika sheria ya madaftari, na kwamba nilikuwa nimelifundisha watu miaka thelathini na minne.

Pastille ndiyo iliyomchukua muda. Ile yangu ya kwenye bahasha haikufaa, ilikuwa imejikunja. Aliinua kipande cha bati la shaba kutoka kibao cha simu mbovu, akakikata mduara kwa mkasi wa kucha, akakigandisha kwa tone la gundi, akakikandamiza kwa kidole gumba akitazama barabara. "Shaba inatoka kwetu Kipushi," alisema huku akisubiri, "inaenda kwa bazungu, inarudia ndani ya telefone. Telefone inakufa. Mi naipatia kazi tena. Wewe nani alikupatia retraite? Ungebaki kazini, masikio ya muntu ingepona."

Alipoondoa kidole, alama ya kidole ilikuwa imebaki juu ya mduara. Akalehemu mguu wa betri. Akaweka ncha mbili za kipimio, kikalia *tii*. Akaweka tena mahali pengine, *tii*. Mwishowe alitoa chupa ya rangi nyekundu ya kucha, akafunika kila uzi kwa brashi yake ndogo.

"Sikiliza muzuri, Papa. Vernis inakauka juu, ndani bado. Leo na kesho maji hapana. Ata jasho. Ikipata maji, inalala. Unasikia?"

"Ninasikia."

"Unaandika?"

Nilikuwa ninaandika kweli. Ipo katika daftari langu hadi leo: *maji hapana, siku mbili*.

Nilifika Katuba jua likiwa bado juu ya paa. Yaya alikuwa macho, lakini uso wake ulikuwa umepungua tangu nilipouona mara ya mwisho. Pua ilikuwa imesimama peke yake. Nilimwekea kisanduku katika mfuko wa shati, nikapandisha waya, nikasukuma kidude sikioni. Hakikukaa sawasawa. Kisanduku kikapiga mluzi.

Kutoka jikoni nilisikia kifuniko cha sufuria kikianguka. Shemeji alitokea mlangoni, mkono mdomoni. "Treni inaingia," akasema.

Yaya aligeuza kichwa kuelekea dirishani. "Eh, ule mama anatwanga tena," akasema. "Anatwanga mubaya sikuzote." Alisikiliza muda mrefu, mama wa upande wa pili akitwanga. Kisha akanitazama. "Aya. Sema."

Shemeji alitoka na kuvuta mlango.

Sikuhitaji karatasi. Nilisema hoja zote tisa kwa namba zake: kwamba nilituma ujumbe, kwamba ujumbe ulipokelewa, kwamba mtoto wa mwisho ana haki ya kutupa udongo wa mwisho, kwamba niliulizia mbele ya watu nikajibiwa neno moja, na mengineyo. Nilisema kwa utulivu. Nadhani nilisema vizuri. Nilipokuwa kwenye hoja ya saba niliona kwamba amefumba macho, nikasimama kidogo, naye akasema, "Niko nasikia. Ya saba."

Nilipofika mwisho, alifumbua macho.

"Unamaliza?"

"Namaliza, Yaya."

"Ile siku," akasema, "mu morgue, nyumba ya maiti, courant ilikuwa ya kukatika. Siku mbili. Hapana barafu, hapana nini. Ule mulinzi aliniambia: Papa, ingia peke yako. Niliingia. Mama alikuwa haiko tena wa kuonyesha muntu. Bamama benye kumuosha balirudia inje. Nilimuosha mi mwenyewe." Aliinua mikono, akaitazama kama kwamba ni vyombo alivyoazimwa. "Na hizi mikono ya breki. Mutoto mwanaume. Message yako niliipata, iko kweli. Ningejibu nini? Mu fonia? Bantu bote banasikia fonia, toka Kasenga mpaka Pweto. Niseme Mama yetu anaoza?"

Nilisikia mtwangio upande wa pili.

"Na kisha, Yaya?" nilisema. "Miaka hii yote?"

"Kisha ulikuya na sura ya tribunal, sura ya juji. Kama ungeuliza, Mama alikuwa namna gani, ningekuambia. Wewe uliuliza, nani alitoa ruhusa."

Hakuna hoja yoyote kati ya zile tisa iliyobaki imesimama. Nilifungua kinywa nimwambie. Nilitaka kumwomba msamaha kwa ile siku, na kwa kila sahani niliyoisogeza. Na nilitaka kumshukuru kwa yale aliyoyafanya peke yake mle chumbani badala yetu sote, hasa badala yangu. Lakini mkono wake ulikuwa tayari umefikia kikombe kilichokuwa kando ya kitanda, na nilijua ni cha nini.

Hapa naomba nieleweke. Nilikuwa nimeandika *maji hapana*. Nilikumbuka. Niliona kisanduku katika mfuko wa shati lake na kikombe kikipanda. Ningeweza kuushika mkono wake na kusema, ngoja, Yaya, mimi kwanza. Lakini mkubwa akishashika maji, mdogo hasemi. Ndivyo tulivyolelewa, na mimi, katika maisha yangu yote, sijawahi kumkatiza aliye juu yangu. Nilinyoosha kifua na kusubiri kwa adabu.

Alichukua maji kinywani. Alijaribu kupuliza. Pumzi haikutosha, matone machache yalinifikia kwenye koti, na yaliyobaki yalimtiririka kidevuni, shingoni, hadi mfukoni mwa shati.

"Imekwisha," akasema.

"Yaya," nikasema. Nikayasema yote, kwa mpangilio mbaya, na sauti haikuwa ile ya hoja tisa. Nilisema hadi nikaishiwa.

Alinitazama mdomo. "Eh?"

Nilitazama kisanduku. Niligeuza kitufe, nikagonga kwa kidole, nikavuta waya. Hakuna mluzi.

"Inalala," akasema Yaya kwa upole, akipapasa sikio. "Nini? Kuko ingine tena ya ku karatasi yako?"

Nilitikisa kichwa. Nilitoa kalamu na moja ya zile karatasi za hoja, nikaandika pembeni yake, *Nisamehe, Yaya*. Alipoona karatasi alicheka, kicheko kidogo cha mtu aliyechoka, akaisukuma kwa mgongo wa mkono bila kuitazama.

"Karatasi tena! Maji inapita, mudogo wangu. Ya kumi utasema kesho."

Akafumba macho. Ningeweza kupiga magoti. Magoti yangu bado yanakunjika, na kupiga magoti hakuhitaji masikio. Sikupiga. Nilibaki nimesimama na kalamu mkononi, kisha nikachukua kisanduku, nikakifuta kwa leso, nikatoa betri, na nikatoka kumwambia shemeji kwamba nitarudi asubuhi.

Mama wa barabara ya Kipushi alikuwa anafungua kibanda nilipofika. Hakunikaripia. Alifungua kifuniko, akanusa, akaosha kwa spiriti, akakiweka juani juu ya kifuniko cha sufuria kwa muda wa kunywa chai, naye akaniletea kikombe changu. Hakuna uzi uliokatika wala pastille iliyong'oka. Maji yalikuwa yamelala tu kati ya mistari.

"Iko muzima," akasema. Akaweka betri. "Umupelekee mbio, muzee wako asizoee kimya."

Nilikiweka katika mfuko wa shati langu, kidude cha sikioni kikining'inia juu ya kifungo, na nikaenda. Njiani nilipanga maneno. Niliamua kuanza na sahani.

Nilipokunja kona ya mtaa wao niliona vijana wawili wakitoa kochi la sebuleni mlangoni, wakiligeuza ili lipite. Kochi jingine lilikuwa tayari nje, chini ya ukuta, na juu yake mtu ameweka saa ya ukutani. Mjini kwetu hatuhitaji kuambiwa. Viti hutolewa ili akina mama wa msiba wapate mahali pa kukaa chini.

Sikusimama. Nilipita katikati ya wanaume waliokuwa wakinipisha mmojammoja kwa mpangilio wa umri, nikafika kizingitini. Ndani, shemeji alikuwa ameketi juu ya mkeka, ameinamisha kichwa, wanawake wawili wamemshika mabega. Niliinama kuvua viatu. Kidude cha sikioni kilianguka kikagusa kisanduku, na mfukoni mwangu kikapiga mluzi, mwembamba, mrefu, bila kukatika.

Shemeji aliinua kichwa upesi na kutazama mlangoni.